Kuandaa Mpango wa Biashara wa Shirika Lisilo la Faida Nchini Uganda

Mwezi Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi nchini Uganda yaliamriwa kusitisha kazi ghafla. Miaka michache kabla ya hapo, mfuko wa DGF, uliofadhili kazi za demokrasia na utawala bora na uliokuwa ukichangiwa na nchi kadhaa za Ulaya, ulisimamishwa mwaka 2021 na kufungwa mwishoni mwa 2022. Katika matukio hayo mawili, shirika lililotegemea mkono mmoja halikuwa na muda wa kufikiri, kwa sababu maswali ambayo lingepaswa kuyajibu mapema halikuwa limewahi kujiuliza: kazi yetu inagharimu kiasi gani hasa, nani anailipia, na itaendeleaje mlipaji huyo akijitoa? Mpango wa biashara ni maandishi ya kujibu maswali hayo matatu, na mengine yote yanayoandikwa ndani yake yapo ili majibu hayo yaaminike.

Najua kwamba neno biashara huwatia shaka watu wengi wanaofanya kazi ya kujitolea. Wapo wanaodhani kwamba shirika lisilo la faida haliruhusiwi kubakiwa na fedha mwisho wa mwaka, na wapo wanaoona haya kuzungumzia bei mbele ya watu maskini. Ukweli ni kwamba shirika la aina hii linaweza kupata ziada. Lisichoweza kufanya ni kuigawa ziada hiyo kwa waanzilishi au wanachama. Ziada hurudi kwenye kazi. Aidha, mpango wa biashara usichanganywe na andiko la mradi. Andiko la mradi huandikwa kwa ajili ya mfadhili mmoja, kwa lugha anayoipenda yeye na kwa muda aliouchagua yeye, ilhali mpango wa biashara huandikwa kwa ajili ya shirika lenyewe, hutazama shirika zima kwa muda wa miaka mitatu hivi, na hubaki na maana hata mfadhili akibadilika.

Wanaopaswa kuketi mezani

Usianze kwa kumlipa mtaalamu wa Kampala akuandikie. Mtaalamu anaweza kusaidia kupanga hesabu na kunyoosha lugha, lakini maamuzi yaliyomo ni ya wale watakaoyabeba. Waite wajumbe wa bodi, mratibu, mweka hazina, mfanyakazi mmoja anayekutana na watu kila siku, na wawili watatu kati ya wanaohudumiwa. Jipeni wiki sita hadi nane, mkikutana mara moja kwa wiki, na kila kikao kiwe na swali moja la kujibu.

Kuhusu lugha, nashauri jambo ambalo wengi hulipuuza. Nakala itakayopelekwa wilayani, wizarani au kwa mfadhili itabidi iwe kwa Kiingereza, lakini majadiliano yafanyike kwa lugha ambayo kila aliyepo anaweza kubisha kwayo. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaishi pamoja, au katika mji wa mpakani kama Busia, mara nyingi lugha hiyo ni Kiswahili. Nimeketi katika kikao ambacho mweka hazina, mama aliyezijua fedha za kikundi chake hadi sarafu ya mwisho, alinyamaza saa mbili nzima kwa sababu mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza. Tulipobadilisha lugha, alionyesha kosa katika bajeti ambalo sisi wengine wote hatukuliona.

Tatizo lenyewe, na watu wake

Ili maelezo yasibaki hewani, tuchukue mfano mmoja tutakaoufuata hadi mwisho: shirika dogo mjini Busia linalotaka kuwafundisha ushonaji wasichana walioacha shule, 40 kwa mwaka, katika makundi mawili ya wasichana 20, kila kundi kwa miezi mitano. Tarakimu nitakazozitumia ni za mfano tu; weka zako mahali pake.

Sentensi kama vile “wasichana wengi wa Uganda hawana ajira” haifai katika mpango, kwa kuwa haimsaidii yeyote kuamua lolote. Mpango unataka kujua ni wasichana gani, wa parishi zipi (yaani maeneo ya utawala yaliyo chini ya kaunti ndogo), waliacha shule kwa sababu gani, na kwa sasa wanaishi kwa kufanya nini. Idara ya Takwimu ya Uganda, UBOS, imetoa matokeo ya sensa ya Mei 2024, iliyohesabu watu milioni 45.9 nchi nzima, na matokeo hayo yamegawanywa hadi ngazi za chini, anzia hapo. Kisha nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, nenda kwa wenyeviti wa LC1, yaani wa mabaraza ya vijiji, na mwisho, jambo lililo muhimu kuliko yote, waulize wasichana wenyewe na wazazi wao. Waulize saa zipi wanaweza kuja, nani atabaki na mtoto wa yule aliyekwisha kujifungua, na kama ushonaji ndio wanaoutaka au ndio tu mliowazoeza kuutaja kila mgeni anapofika.

Chunguza pia soko la kazi wanayofundishwa. Je, mafundi waliopo tayari wanapata kazi mwaka mzima au ni wakati wa kufungua shule na wakati wa sikukuu tu? Nguo za mitumba na nguo zilizoshonwa tayari zinawaachia nafasi gani? Nani mwingine anafundisha ushonaji umbali wa safari moja ya bodaboda? Ukikuta chuo kingine kinafanya kazi hiyo vizuri, andika hivyo kwa ukweli na ueleze kwa nini bado mnahitajika, au badilisheni wazo mapema. Kubadilisha wazo wakati huu hakugharimu chochote isipokuwa karatasi.

Wateja wawili

Muuza mboga sokoni ana mteja mmoja: anayekula mboga ndiye anayeilipia. Shirika lisilo la faida lina wateja wawili, yaani anayehudumiwa na anayelipa, na mara nyingi hawajuani. Hapa ndipo ugumu wote wa kazi hii ulipo. Biashara ya kawaida ikitoa huduma mbovu, mteja huacha kununua na mwenye duka hujua siku hiyo hiyo. Shirika linaweza kutoa huduma mbovu kwa miaka mingi huku anayelipa akiwa mbali na akisoma ripoti nzuri, na vilevile linaweza kutoa huduma bora kisha likafa kwa sababu anayelipa hakuelezwa vizuri.

Kwa hiyo andikeni kurasa mbili tofauti. Ukurasa wa kwanza ueleze mnampa nini msichana, na atajuaje kwamba amekipata. Ukurasa wa pili ueleze mnampa nini kila mlipaji: mfadhili wa nje anataka matokeo yanayohesabika na vitabu vilivyokaguliwa, kanisa au msikiti unataka kuona vijana wa mtaa wake wakisaidiwa, wilaya inataka kazi inayolingana na mipango yake, mfanyabiashara wa mjini anataka mafundi anaoweza kuwaajiri. Ukurasa mmoja ukipingana na mwingine, kwa mfano mfadhili anapotaka wahitimu 100 nanyi mna uwezo wa kufundisha 40 vizuri, mpango useme waziwazi mtachagua lipi. Kwa maoni yangu, mchague 40.

Sheria, kwa ufupi lakini bila kuruka kitu

Mkifanya kazi ndani ya eneo dogo kwa manufaa ya jamii yenu wenyewe, mnaweza kujisajili wilayani kama kikundi cha jamii. Mkitaka kuvuka hapo, njia ya kawaida ni kusajili kampuni yenye dhamana, isiyo na hisa, katika Ofisi ya Usajili, URSB, kisha kuomba kusajiliwa na kupewa kibali chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016. Zamani kibali kilitolewa na ofisi iliyojitegemea, lakini marekebisho ya mwaka 2024 yaliifanya kuwa idara ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo jihadharini na miongozo ya zamani inayoendelea kusambazwa. Kibali hakizidi miaka mitano. Zaidi ya hayo, sheria hiyo inazuia shirika kufanya kazi mahali popote nchini bila idhini ya kamati ya wilaya inayofuatilia mashirika na ya serikali ya mtaa ya eneo hilo, pamoja na hati ya makubaliano iliyotiwa saini na serikali hiyo ya mtaa. Maana yake kwa mpango wenu ni hii: kupanuka kwenda wilaya ya pili si suala la kupanga nyumba tu, ni miezi ya kufuatilia karatasi, na miezi hiyo iwekwe katika kalenda na katika bajeti.

Kila mwaka kuna taarifa za kuwasilisha, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Agosti 2021 mamlaka ya wakati huo ilisimamisha mashirika 54 kwa pamoja, na miongoni mwa sababu zilizotajwa zilikuwemo vibali vilivyokwisha muda na taarifa za mwaka ambazo hazikuwasilishwa. Mpango utaje kwa cheo ni nani mwenye wajibu wa tarehe hizo.

Upande wa kodi, msamaha wa kodi ya mapato hauji wenyewe kwa kuwa mmesajiliwa. Huombwa kwa Mamlaka ya Mapato, URA, na mapato ya biashara isiyohusiana na malengo ya shirika yanaweza kutozwa kodi hata baada ya msamaha huo. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi hukatwa kama kawaida. Mwajiri huchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5, na tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, wajibu huo unamhusu kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kodi hiyo na michango hiyo hulipwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata kupita. Mwisho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2019 inawahusu pia: orodha ya wasichana, namba zao za simu na picha zao ni amana, wala hazipaswi kusambazwa ili kumfurahisha mfadhili.

Gharama halisi ya msichana mmoja

Sasa tumefika mahali ambapo naomba msomaji asiwe na haraka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninaloliona likikosewa mara nyingi zaidi ni la gharama, na linakosewa kwa namna ile ile kila mara.

Ukiwauliza viongozi wa shirika letu la mfano kumfundisha msichana mmoja kunagharimu kiasi gani, watahesabu vinavyoonekana mkononi mwake. Vitambaa, uzi na sindano ni shilingi 150,000. Chakula cha mchana, shilingi 2,000 kwa siku kwa siku 100, ni shilingi 200,000. Jumla ni 350,000, na tarakimu hiyo ndiyo watakayomwandikia mfadhili.

Hesabu ya shirika zima kwa mwaka inasema vingine. Walimu wawili kwa shilingi 600,000 kila mmoja kwa mwezi ni 14,400,000. Mratibu kwa 900,000 kwa mwezi ni 10,800,000. Mchango wa mwajiri kwa NSSF juu ya mishahara hiyo ni 2,520,000. Kodi ya nyumba, 350,000 kwa mwezi, ni 4,200,000, na umeme, maji na intaneti ni 1,800,000. Vitambaa na vifaa vya wasichana 40 ni 6,000,000, na chakula chao ni 8,000,000. Vyerehani 20 vilivyonunuliwa kwa shilingi 600,000 kila kimoja vitadumu miaka mitano hivi, kwa hiyo kila mwaka vinapoteza thamani ya shilingi 2,400,000, na matengenezo yake ni 600,000. Ukaguzi wa hesabu ni 3,000,000. Usafiri wa kuwafuatilia wahitimu, vikao vya bodi na makato ya benki na ya kutuma pesa kwa simu ni 2,280,000. Jumla ni shilingi 56,000,000, yaani 1,400,000 kwa kila msichana, ambayo ni mara nne ya ile tarakimu ya kwanza.

Si kwamba viongozi hao ni waongo. Wameihesabu huduma kana kwamba mwalimu, nyumba na mkaguzi vitaletwa na upepo. Matokeo yake yanajulikana: mfadhili anatoa 350,000 kwa kila msichana, mratibu anafanya kazi miezi minne bila mshahara, cherehani kikiharibika kinabaki pembeni, na mkaguzi haitwi. Tena gharama igawanywe kwa wanaomaliza, si kwa wanaoandikishwa. Wasichana wanane wakiacha njiani, wahitimu ni 32, na kila mmoja wao amegharimu takriban 1,750,000. Tarakimu hiyo ikiwekwa mezani, swali la kulea watoto wa wanafunzi linaacha kuwa la huruma tu na linakuwa pia la matumizi bora ya fedha.

Vitu vinavyotolewa bure navyo viandikwe kwa thamani yake. Kama chumba ni cha kanisa na hamlipi kodi, andikeni 4,200,000 upande wa gharama na 4,200,000 upande wa michango, kwa sababu siku paroko mpya atakapokihitaji chumba chake, mtalazimika kuzitafuta fedha hizo.

Mapato, na tofauti kati ya ahadi na matumaini

Orodhesheni vyanzo vyote, kisha kila kimoja kipewe jina lake la kweli: cha hakika, cha kuelekea, au cha matumaini. Cha hakika ni mkataba uliotiwa saini au fedha ambazo mmekuwa mkizipata miaka miwili mfululizo. Cha kuelekea ni mazungumzo yaliyofika mbali, kihesabiwe nusu. Cha matumaini kihesabiwe sifuri, hata kama aliyekiahidi ni mheshimiwa aliyekiahidi mbele ya umati.

Tuseme shirika letu lina mkataba wa mfadhili mmoja wa shilingi 30,000,000, na liko katika mazungumzo na mwingine kuhusu 12,000,000, ambazo tutazihesabu kuwa 6,000,000. Nusu ya wasichana wanaweza kulipa ada ya 100,000 kila mmoja, nazo ni 2,000,000. Wanachama 30 wanaochanga 5,000 kwa mwezi wanaleta 1,800,000. Makanisa, misikiti na wafanyabiashara wa mjini hutoa 2,600,000 kwa mwaka. Kisha kuna sare za shule: sare moja inauzwa 25,000, kitambaa na vifaa ni 15,000, ujira wa kushona ni 4,000, kinachobaki ni 6,000, na sare 600 zinaleta 3,600,000.

Hapa nisimame kidogo kuhusu sare. Karibu kila mpango niliousoma una mradi wa kuingiza kipato unaotarajiwa kulibeba shirika, uwe wa sare, wa kuku, wa sabuni au wa kukodisha viti na mahema. Katika mfano wetu, sare 600, ambazo ni kazi kubwa, hazifiki hata asilimia 7 ya gharama za mwaka. Mradi huo una faida yake, kwa kuwa unawapa wasichana mazoezi ya kazi halisi na unaleta fedha ambazo shirika linaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa ya mtu, lakini usiandikwe kuwa mkombozi. Na kama mradi unahitaji mtu wa kuusimamia kila siku, mshahara wake utolewe kwanza kabla ya kutaja faida.

Jumla ya mapato yanayoweza kutegemewa ni 46,000,000. Pengo ni 10,000,000. Mipango mingi hulificha pengo kwa kuongeza tarakimu upande wa mapato hadi pande mbili zilingane. Mpango mzuri huliacha wazi na kuamua mapema litazibwaje. Wazo la kwanza la watu wengi ni kupunguza wanafunzi. Lakini wakipunguzwa kutoka 40 hadi 20, kinachookolewa ni zile 350,000 za kila mmoja tu, yaani 7,000,000. Mshahara, kodi ya nyumba na ukaguzi vinabaki pale pale, na kila msichana sasa anagharimu 2,450,000. Pengo halijazibwa na huduma imekatwa nusu. Njia bora huenda ikawa mratibu wa nusu siku, ambaye pamoja na NSSF anaokoa 5,940,000. Nyumba kutumiwa pamoja na kikundi kingine, ikiokoa 2,100,000. Na wazazi kuleta mahindi na maharage hadi robo ya bajeti ya chakula, ikiokoa 2,000,000. Jumla ni 10,040,000, na wasichana wote 40 wanabaki. Uamuzi kama huu ukifanywa kwa utulivu mwezi Novemba, unakuwa na heshima. Ukifanywa Mei, wakati mishahara imekwama, unakuwa ugomvi.

Fedha zenye masharti zitenganishwe na fedha huru, katika vitabu na katika fikra. Milioni 30 za mfadhili za vifaa na walimu hazilipi kodi ya ofisi kama mkataba haukusema hivyo, na kuzikopa “kwa wiki mbili tu” ndiko kulikoyamaliza mashirika yenye watu waaminifu kabisa.

Kalenda ya fedha

Bajeti inaweza kulingana kwa mwaka huku shirika likikosa pesa mwezi wa nne. Chora miezi 12 na uandike chini ya kila mwezi kinachoingia na kinachotoka. Sare hununuliwa sana shule zinapofungua mwaka, kwa kawaida Februari, kwa hiyo kitambaa lazima kinunuliwe kabla ya Krismasi, na mwenye nyumba huenda akataka kodi ya miezi mitatu mbele. Mfadhili hutoa awamu ya pili baada ya kuipokea ripoti ya kwanza na kuipitia, na kupitia huko kunaweza kuchukua muda. Kama ruzuku ni ya dola au yuro, tumieni kiwango cha kubadilisha fedha kilicho chini kidogo ya cha leo, kwa kuwa mwenye nyumba na mwalimu hulipwa kwa shilingi.

Akiba lengo lake liwe gharama za miezi mitatu, ambazo kwa mfano wetu ni 14,000,000. Haiwezi kujengwa katika mwaka wenye pengo, lakini bodi inaweza kupitisha kanuni sasa: nusu ya ziada yoyote ya fedha huru iende akiba hadi lengo litimie, na kuigusa kuhitaji saini za watu watatu.

Hatari, uongozi na vipimo

Hatari ziandikwe chache na za kweli. Shule na vyuo nchini vilifungwa Machi 2020 na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mpango useme walimu watalipwaje na mafunzo yataendeleaje jambo kama hilo likirudi. Mwaka wa uchaguzi mkuu, vikao vya wilaya huweza kuchelewa na mikusanyiko kutazamwa kwa jicho jingine. Mfadhili mkuu akijitoa, orodha ya vitakavyokatwa iwepo tayari, kwa mpangilio.

Hatari ambayo wachache huthubutu kuiandika ni mwanzilishi mwenyewe. Mahali ambapo mwanzilishi ni mkurugenzi, mke wake ni mweka hazina na kaka yake ni mwenyekiti wa bodi, hakuna mpango utakaoaminika, hata kama wote ni watu wema. Elezeni bodi ina watu gani, wanachaguliwaje, wanakaa muda gani, nani anatia saini hundi, na nani ataendesha kazi mratibu akiugua miezi mitatu.

Kuhusu vipimo, vichache vinatosha. Idadi ya waliohudhuria ni ya kuhesabu chakula. Kipimo chenye uzito ni kama msichana, miezi sita baada ya kumaliza, anapata kipato kwa kushona, na kiasi gani. Kumfuata kunahitaji nauli na simu, na ndiyo sababu tuliweka fedha hizo katika gharama.

Kuandika na kupitisha

Mambo hayo yakishakubaliwa, kuandika ni kazi ya siku chache. Kurasa 15 hadi 20 zinatosha: shirika na sababu ya kuwepo kwake, tatizo na watu, huduma, walipaji, sheria, uongozi, gharama na mapato ya miaka mitatu, kalenda ya fedha ya mwaka wa kwanza, hatari na vipimo. Muhtasari wa ukurasa mmoja huwekwa mbele lakini huandikwa mwisho. Mtu asiyelijua shirika lenu, hasa mwenye duka au mwalimu, ausome kabla ya bodi, na kila mahali atakapouliza “maana yake nini?” pasahihishwe.

Bodi iupitishe kwa kura na kumbukumbu za kikao zihifadhiwe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni, na wilaya huanza kupanga bajeti yake miezi mingi kabla. Nakala ikimfikia afisa wa maendeleo ya jamii mwezi Oktoba ina nafasi ya kusomwa wakati wa kupanga, ambapo ikifika Juni kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Kila miezi mitatu, bodi iketi na karatasi moja yenye safu tatu: tulichopanga, kilichotokea, tunachobadilisha. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani penye mlango wa darasa, wasichana na wazazi wao waisome.